Maswali ya wasomaji: ndege katoka na ukungu, kosa ni la nani?

Barua nyingi safari hii zinailaumu fokasi, yaani ule ulengaji wa kamera unaofanya kitu kitoke wazi. Ukitazama picha zilizoambatanishwa, fokasi imesingiziwa mara kadhaa. Tunaanza na barua ya Mwanza kwa sababu jibu lake litatusaidia katika barua zinazofuata. Kwa aliye mgeni: sensa ni kipande kinachoipokea picha ndani ya kamera; shata ni pazia lake, na 1/500 ni sehemu ya sekunde linayokaa wazi; f/ ni ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua; ISO ni wepesi wa sensa kupokea mwanga.

Napiga mdiria, yule wa madoa meusi na meupe, anapoelea hewani juu ya ziwa kabla hajapiga mbizi. Kamera ni Canon ya sensa ndogo, lenzi 70-300. Nakuwa umbali wa mita 15 hivi, asubuhi, shata 1/500, f/5.6, ISO 200. Katika picha mia tatu nikipata kumi za kufaa nashukuru. Nimeshabadilisha mipangilio ya fokasi mara tatu. Lenzi imekufa?
*Msomaji, Mwanza*

Lenzi ni nzima, na fokasi nayo tunaiachia huru. Piga hesabu kidogo. Kwenye sensa ndogo, milimita 300, f/5.6, umbali wa mita 15, eneo linaloonekana wazi lina kina cha nusu mita na ushee. Mdiria huyo ana urefu wa sentimita 25 hivi. Hata fokasi ikikosea kwa shibiri nzima, jicho la ndege bado limo ndani. Picha mia tatu haziwezi kuharibika zote kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kabla hujaigusa tena menyu, jifunze kuisoma picha. Ifungue kwenye kompyuta kwa asilimia 100, maana kioo cha nyuma ya kamera kinadanganya. Tazama jicho na mdomo, kisha tazama vitu vilivyo mbele na nyuma ya ndege. Kama jani lililo mbele yake linaonekana wazi kabisa naye ana ukungu, hapo fokasi imekosea kweli: imeshika kitu kingine. Kama hakuna kitu chochote kilicho wazi, na kila nukta ya mwanga imevutika kuwa mstari kuelekea upande mmoja, hilo ni tikisiko la mkono au la chombo ulichoegemea. Kama kichwa kiko safi lakini mabawa yamekuwa kama feni, kasi ya shata ni ndogo. Na kama kingo za ndege zinapindapinda kama kitu kilicho chini ya maji, tena kila picha ya mfululizo imepinda kivyake, hilo ni joto la hewa. Tutalifikia kwenye barua ya Morogoro.

Picha zako zina ishara mbili kwa pamoja: mabawa yamefutika, na matone ya maji yamevutika kwenda chini. Yaani shata ni ya polepole na kidole kinaikandamiza kamera. Panda hadi 1/2500. Umeongeza kasi mara tano, basi ongeza na ISO mara tano, kutoka 200 hadi 1000. Kamera yako itatoa chembechembe kidogo, na chembe zinasafishika, tikisiko halisafishiki. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, mbele kabisa, kiganja kikitazama juu kana kwamba umebeba sahani; watu wengi huishika kwenye bodi (mwili wa kamera), na uzito wa mbele unaning'inia. Viwiko vigande mbavuni. Bonyeza shata kwa kubingirisha kidole, usikidonoe kitufe, na upige mfululizo wa picha nne au tano. Ya kwanza mara nyingi ndiyo yenye kosa la kidole, ya pili na ya tatu hutulia.

Ndege anayeelea ni zawadi, kwa sababu umbali wake haubadiliki. Weka fokasi ya kufuatilia mwendo (Canon wanaiita Servo, Nikon na Sony AF-C), tumia nukta ya katikati, ambayo kwenye kamera za kioo za zamani (zile zenye kioo ndani kinachoinuka unapopiga) ndiyo yenye nguvu kuliko za pembeni, na umshike angali bado anapepea. Anapokunja mabawa na kuporomoka, mwache aende. Wanaompata akiporomoka kwa lenzi ya aina hiyo wamebahatisha, hata kama hawasemi.

Jambo la mwisho, ambalo ni bure: ndege huelea, huruka na hutua akiukabili upepo. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukisimama ufukoni unakupiga mgongoni, na mdiria anakutazama uso kwa uso. Mchana upepo wa ziwa unageuka, nawe utapiga mikia tu.

Mimi ni dereva wa watalii. Wageni wanakuja na tripodi (stendi ya miguu mitatu) kubwa ambayo haifunguki ndani ya Land Cruiser, na nikiwaambia waiache hotelini wanaona nawanyima. Nasikia habari za mfuko wa maharage wa kulazia lenzi. Unashonwaje, unajazwa nini, na uzito gani?
*Dereva, Arusha*

Unachowaambia ni sahihi. Hifadhini mgeni hashuki kwenye gari ila sehemu zilizotengwa, na tripodi iliyosimama kwenye sakafu ya gari inabeba kila tikisiko la gari hilo. Mfuko ndio unaofaa, na fundi cherehani yeyote anaushona kwa saa moja.

Chukua kitambaa cha jinzi nene au turubai jepesi. Kata vipande viwili vya sentimita 40 kwa 30, vishone pande tatu kwa mshono wa mara mbili, na upande wa nne utie zipu. Ukipita mshono utabaki na mto wa kama 36 kwa 26. Ndani yake tia mfuko wa pili wa pamba nyepesi, wenye zipu yake. Huo ndio unaobeba nafaka. Vumbi la barabarani likishaujaza wa nje, unavuliwa na kufuliwa, wa ndani unabaki. Mto wa ukubwa huo unachukua kilo 3 za maharage ukijazwa robo tatu. Usiujaze ukavimba. Mfuko uliojaa unakuwa kama mpira, lenzi inateleza juu yake; ulio robo tatu unabonyea na kuikumbatia lenzi pande zote mbili.

Kwa dirisha la mlango, mto wa kawaida huanguka kioo kinapoteremshwa. Hapo shona mifuko miwili midogo, kila mmoja wa kilo moja na nusu, iunganishe kwa kitambaa cha upana wa sentimita 8, uutandike juu ya mlango kama shogi la punda: mmoja ndani, mmoja nje. Kioo kibaki kimepanda sentimita chache, na kitambaa cha kati kikilalie.

Kuhusu kijazio, maharage madogo ni mazuri, mchele ni mzuri zaidi kwa kubonyea, mtama nao haushindwi. Mahindi yana punje kubwa zenye pembe, hayajipangi vizuri. Sponji ya godoro usiiguse, maana inadunda: ukiikandamiza inakurudishia. Mchele una adui wake, maji. Ukinyeshewa unavimba na baada ya siku mbili unanuka. Maharage adui yake ni fukusi, na mfuko uliosahauliwa kabatini tangu msimu uliopita utaujua kwa unga unaotoka kwenye mshono. Ndiyo maana inafaa mgeni asafiri na mfuko mtupu, anunue nafaka sokoni Arusha, na mwisho wa safari zirudi jikoni.

Sasa matumizi, kwa sababu mfuko mzuri hushindwa kwa mambo madogo. Zima injini, usiiache ikiunguruma. Dizeli inaingia hadi kwenye mfupa wa shavu la mpiga picha. Kubalianeni neno moja ndani ya gari, mtu akilisema kila mmoja anatulia, kwa sababu anayegeuka kiti cha nyuma kuchukua maji anaitikisa lenzi ya aliye mbele. Mguu wa lenzi, ule wa kufungia tripodi, uzungushwe utazame juu au pembeni ili bomba la lenzi lenyewe ndilo lilale. Lilale mahali linapokaribia kujisawazisha, lisilale mwishoni. Mkono wa kushoto uwekwe juu ya lenzi, ukiikandamiza chini taratibu.

Halafu hili, ambalo huwachanganya hata wazoefu: angalia pete ya fokasi iko wapi. Kwenye lenzi nyingi pete hiyo inafanya kazi hata fokasi ya kamera ikiwa imewashwa. Ikilala juu ya mfuko, kila ukigeuka kumfuata mnyama kitambaa kinaizungusha, na picha inatoka na ukungu wakati kamera imeshakuambia tayari. Sogeza mfuko nyuma au mbele kwa upana wa vidole vitatu, tatizo limekwisha. Injini ikizimwa na watu wakatulia, simba aliyelala anaweza kupigwa kwa milimita 600 na shata ya 1/125, kidhibiti tikisiko kikiwa kimewashwa. Duma anayekimbia bado anataka 1/2000, mfuko au bila mfuko.

Watu wanasema nitenganishe fokasi na shata, niiweke kwenye kitufe cha nyuma cha kidole gumba. Nimejaribu siku mbili, nikapata hasara tupu. Faida yake ni nini hasa?
*Msomaji, Nairobi*

Siku mbili hazitoshi, kidole gumba kinahitaji wiki mbili. Mchukue mbuni aliyesimama nyuma ya nyasi. Kwa mpangilio wa kawaida, kila unapobonyeza shata kamera inatafuta fokasi upya, na mara moja katika tano itaamua kuwa nyasi ni nzuri kuliko mbuni. Kwa kitufe cha nyuma unabonyeza kidole gumba, fokasi inashika, unakiachia, na hapo fokasi imefungwa. Piga picha mia, haitasogea. Mbuni akianza kukimbia, unakandamiza tena bila kukiachia, nayo inamfuata. Huhitaji kubadili modi yoyote, kwa sababu kamera inakaa kwenye Servo au AF-C siku zote.

Kuiweka: kwenye menyu ya vitufe, ondoa kazi ya fokasi kwenye shata ibaki kupima mwanga tu, kisha kipe kile kitufe cha nyuma, AF-ON, kazi ya kuanzisha fokasi. Kamera isiyo na AF-ON, tumia kile cha nyota kwenye Canon au AE-L/AF-L kwenye Nikon za zamani. Wengi wanakwama hapa: wanawasha AF-ON lakini wanasahau kuiondoa fokasi kwenye shata. Vitufe vyote viwili vinafanya kazi, na ukiachia kidole gumba shata inaiharibu kazi iliyokwisha fanyika. Tunadhani hasara yako imetokea hapo, kwani mbuni wako wote wana nyasi zilizo wazi mbele yao.

Kasoro zake zipo. Ukimpa mtu kamera akupige picha, atakurudishia ukungu. Na kwa ndege asiyetulia hata sekunde, kama chozi anayerukaruka mauani, hufaidiki chochote, kwa kuwa kidole gumba hakiachii kamwe. Kwa aina hiyo ya picha mpangilio wa kawaida unatosha kabisa.

Mikumi, saa sita mchana, twiga umbali wa mita 200, milimita 600, shata 1/2000, lenzi juu ya mfuko, injini imezimwa. Picha zote kama zimepakwa mafuta. Alfajiri lenzi hiyohiyo ilikuwa safi.
*Msomaji, Morogoro*

Hilo ni joto, na hakuna tripodi wala lenzi ya bei itakayokuondolea. Ardhi iliyopata jua inapasha hewa iliyo juu yake, hewa ya moto inapanda kwa vipande, na kila kipande kinaupinda mwanga kivyake. Mita 200 za hewa hiyo ni kama kupiga kupitia kioo cha bafuni. Fokasi nayo inahangaika, maana inatafuta kingo na kingo hazitulii.

Kwenye uwanja wa wazi huanza kuonekana kuanzia saa tatu asubuhi na hulegea jua likishaanza kushuka, saa kumi hivi. Mikumi ina ubaya wa ziada: barabara kuu ya lami inakatiza hifadhi, na picha inayopita juu ya lami ya mchana haina matumaini. Bati la boneti yako ni jiko jingine. Usipige juu ya boneti. Geuza gari ili upige kwa ubavu. Kama ulikuwa umewasha kiyoyozi, hewa baridi inakutana na ya moto palepale dirishani mbele ya lenzi. Kizime, fungua madirisha, subiri dakika kumi.

Mchana piga vilivyo karibu: keremkerem kwenye tawi, kambu juu ya kichuguu, kitu kilicho ndani ya mita 20. Kama twiga ni lazima, piga picha nyingi, kwani hewa hutulia kwa sekunde moja moja, na katika thelathini huenda moja ikapona.

Nina lenzi ya 150-600 na tripodi ya alumini niliyouziwa kwa bei nzuri, kichwa cha mpira (cha gololi). Napiga ndege wa pwani wanaochokoa matope kule mdomo wa mto Sabaki na hori ya Mida. Kichwa kinazama chenyewe nikishakifunga, na kwa 1/60 jioni kila picha ina kivuli mara mbili. Ninunue nini?
*Msomaji, Malindi*

Kwanza usinunue. Angalia vitu vitatu vya bure. Nguzo ya katikati umeipandisha? Ishushe hadi mwisho, kwani tripodi yenye nguzo iliyopanda ni mguu mmoja juu ya mitatu. Umefunga kwenye tripodi bodi ya kamera au mguu wa lenzi? Lenzi ya kilo mbili ikining'inia kwenye bodi lazima kichwa kizame. Na mkanda wa shingo, je, unapepea? Upepo wa Malindi ukiushika, unaitikisa kamera kama tanga. Uvue.

Baada ya hapo, ndiyo, kichwa cha mpira ni kibaya kwa lenzi ndefu. Ukikilegeza umfuate ndege, lenzi inalala ubavuni ghafla na kukubana kidole. Kinachofaa ni gimbali, ambamo lenzi inabembea katikati ya ekseli yake. Kuisawazisha kuna utaratibu. Legeza skrubu zote huku mkono mmoja ukiishika lenzi. Isogeze mbele au nyuma kwenye bamba linaloushika mguu wake mpaka ikae mlalo yenyewe. Kisha iinamishe nyuzi 30 na uiachie. Ikiendelea kuanguka, imekaa juu mno, ishushe. Ikirudi yenyewe kama bembea, imekaa chini mno, ipandishe. Ikibaki palepale ulipoiacha, umemaliza. Bamba refu la sentimita 15 la mtindo wa Arca-Swiss linakupa nafasi ya kufanya hayo. Lile fupi la kawaida halikupi. Kumbuka lenzi ya zumu inahamisha uzito ukiirefusha, kwa hiyo isawazishe ikiwa kwenye urefu unaoutumia zaidi.

Kivuli mara mbili kwa 1/60 ni kioo cha kamera kinavyogonga. Kati ya 1/60 na 1/4 hivi ndipo pigo hilo linapoonekana kuliko kwingine. Washa shata ya kielektroniki kama ipo, au mtindo wa kuinua kioo kwanza. Lakini kwa ndege anayetembea shata hiyo haifai hata hivyo: panda hadi 1/500, laza mkono juu ya lenzi mahali ilipo juu ya mguu wake, na bana jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Mwili wako unameza tikisiko. Kidhibiti tikisiko kiache kimewashwa maadamu gimbali imelegezwa. Kizime ukifunga kila kitu kwa lenzi ya kizazi cha zamani, kwani baadhi ya hizo zikikosa tikisiko zinajitungia lake.

Mchanga wenye maji ni habari nyingine. Kila wimbi likirudi linachota mchanga chini ya miguu, na tripodi inazama kidogo kati ya picha na picha. Kandamiza miguu hadi ifike kwenye kigumu. Refusha kwanza vipande vyembamba vya chini, ili maungio yabaki juu ya maji na chumvi. Jioni ioshe kwa maji baridi, na uifungue ikauke usiku kucha. Aliyeiacha na chumvi ndani atairefusha mwezi ujao kwa koleo.

Kwa ndege wafupi kama hao, tripodi iliyosimama inakupa picha za migongo. Shuka chini. Kikaango cha zamani cha sentimita 28, mfuko mdogo wa mchele ndani yake, lenzi juu ya mfuko: unakisukuma kwenye tope kama mtumbwi, na lenzi inakuwa usawa wa macho ya ndege. Lala mahali utakapokuwa kabla maji hayajaanza kujaa. Maji yenyewe ndiyo yatakayowasogeza ndege kwako, hata wale wala kaa weusi na weupe wa Mida, ambao ukiwafuata kwa miguu hawakubali. Siku za bamvua maji hupanda upesi. Jua njia ya kurudi kabla ya kulala.

Kinamasi cha Mabamba, ndani ya mtumbwi, korongo-nyangumi umbali wa mita 10. Kamera mpya isiyo na kioo, yenye kutambua jicho la ndege, 600mm f/6.3. Imeng'ang'ania mafunjo. Mara chache iliposhika jicho, mdomo ulitoka na ukungu. Nilipe pesa zote hizo kwa nini?
*Msomaji, Entebbe*

Kutambua jicho ni kusaidiwa, si kufanyiwa kazi. Mafunjo yaliyosimama wima mbele yanampa kompyuta wa kamera kingo nyingi kuliko ndege wa kijivu nyuma yake. Badilisha eneo la fokasi liwe nukta moja ndogo, uiweke juu ya jicho wewe mwenyewe, kupitia mwanya. Kama kamera inaruhusu kutambua jicho ndani ya nukta hiyo tu, vizuri zaidi. Fokasi ikikimbilia mafunjo, usiendelee kubonyeza, itakimbilia hapo tena: zungusha pete kwa mkono mpaka ndege aanze kuonekana, kisha bonyeza. Ikianza karibu na ukweli, inaufikia. Kwenye menyu, hisia ya ufuatiliaji ipunguze upande wa polepole, ili fito inayopita mbele kwa sekunde moja isimwibe ndege. Na lenzi ikiwa na swichi ya kikomo cha umbali, itumie, ila usome namba zake. Nikon 200-500 kwa mfano ina kikomo cha mita 6 hadi mwisho wa upeo. Ndege akija mita 5 na swichi iko hapo, utabonyeza mpaka kesho.

Kuhusu mdomo: kwa milimita 600, f/6.3, mita 10, sensa kubwa, kina cha kuonekana wazi ni sentimita 10 tu. Mdomo wa ndege huyo una sentimita 20 hivi. Akikutazama moja kwa moja, hakuna fokasi duniani itakayoshika jicho na ncha ya mdomo kwa pamoja. Funga tundu hadi f/11 upate sentimita 18, au subiri ageuke ubavu, na kwa ubavu f/6.3 inatosha. Yeye hana haraka. Anaweza kusimama hivyo kwa muda mrefu kuliko subira yako.

Sentimita hizo 10 ndizo pia sababu usifunge fokasi na kuiacha ukiwa majini. Mtumbwi unasogea zaidi ya hapo kwa pumzi moja ya upepo. Bonyeza upya kila mfululizo. Tripodi iache nyumbani. Monopodi, stendi ya mguu mmoja, inafaa, lakini mguu wake uweke juu ya kiatu chako au juu ya mto, usiugusishe na ubao wa mtumbwi. Mwombe mpiga kasia aache kasia ndani ya maji bila kulitoa, maana matone yake na ule mgongo wake unaoinuka ndiyo vinavyoyumbisha chombo. Shata isishuke chini ya 1/800.

Nimepata kirefushi cha 2x, kile kinachokaa kati ya lenzi na kamera na kuurefusha urefu wake mara mbili, kwa bei poa. Nina 70-300 f/4-5.6. Itakuwa 600?
*Msomaji, Dodoma*

Itakuwa 600 ya f/11, na kamera nyingi za kioo zinakata tamaa ya fokasi baada ya f/5.6, nyingine baada ya f/8. Tena virefushi vingi vya watengenezaji haviingii kabisa kwenye lenzi ya aina hiyo. Kipande cha mbele kinagonga kioo cha nyuma cha lenzi. Hiyo pesa inunue mafuta ya gari, usogee karibu.

Kamera ya kioo, 400mm. Nimefuata kanuni yenu ya kusoma picha: kila mara kilicho wazi ni jani la nyuma ya ndege, hata akiwa ametulia na hakuna kitu mbele yake. Sasa?
*Msomaji, Iringa*

Wewe sasa una kosa la fokasi la kweli. Kamera za kioo zinapima fokasi kwa sensa nyingine, si ile ya picha, na mbili hizo zikipishana kidogo fokasi inaangukia nyuma au mbele siku zote. Kwenye kamera zisizo na kioo kosa hili halitokei kwa namna hiyo.

Pima hivi. Kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, simamisha boksi lenye maandishi makubwa umbali wa mita 20, yaani urefu wa lenzi mara 50, na ubavuni mwake laza ubao au rula ndefu inayoelekea kwako. Kamera kwenye tripodi, tundu wazi kabisa, kidhibiti tikisiko kimezimwa, saa ya kujipiga yenyewe ya sekunde mbili. Nukta ya katikati iwe kwenye boksi. Piga picha kumi, na kabla ya kila moja zungusha pete uiharibu fokasi kusudi, tano ukiipeleka karibu, tano mbali. Picha moja haikuambii kitu. Kumi zikiangukia sentimita zilezile nyuma ya boksi, ni kosa la kudumu. Zikitawanyika huku na huku, tatizo ni jingine, na menyu haitalitibu.

Ingia kwenye marekebisho ya fokasi ya lenzi, yenye hatua 20 kila upande. Inayoangukia nyuma inahitaji namba za kutoa. Anza na -5, piga kumi nyingine, endelea. Kwa zumu, pima kwenye urefu unaoutumia kwa ndege na usihangaike na ule mwingine. Ukifika -20 na boksi bado lina ukungu, lenzi iende kwa fundi pamoja na bodi yake. Akipewa kimoja tu, atarekebisha nusu ya kosa.